Kazi Ndogo, Ruhusa Ndogo

Matini ya mhadhara kwa walaji kuhusu viendelezi vya kunakili viungo



Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya bidhaa zinazoshikika: mizani ya mchele, tarehe ya mwisho wa matumizi ya dawa, risiti ya duka. Leo tunazungumzia bidhaa isiyo na uzito wala pakiti, ambayo hupatikana kwa kubofya mara mbili na mara nyingi hutolewa bila malipo. Ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari cha kompyuta, kama vile Chrome, Firefox au Edge, ili kukiongezea uwezo ambacho chenyewe hakikuja nao. Programu ya aina hiyo huitwa kiendelezi.

Kati ya viendelezi vingi vilivyopo tumechagua aina moja ya kawaida kabisa: kiendelezi cha kunakili viungo vya kurasa za intaneti katika umbo linalotakiwa. Tumekichagua kwa makusudi. Kazi yake ni halali, manufaa yake ni ya kweli, na hakuna anayekiogopa. Kwa sababu hiyohiyo kinafaa kutufundisha neno moja ambalo tungependa kila mmoja wenu aondoke nalo: udogo wa kazi ya programu hauonyeshi ukubwa wa ruhusa inazoziomba. Mlaji hana budi kuvipima vyote viwili, kisha avilinganishe.

Kiendelezi hiki hufanya nini

Kila ukurasa wa intaneti una anwani na una jina. Anwani peke yake ni mfululizo wa herufi na alama ambao msomaji hawezi kujua unaelekea wapi. Jina peke yake linasomeka, lakini halimpeleki mtu popote. Viwili hivyo vikiunganishwa, hupatikana kiungo kinachosomeka na kufunguka. Ndiyo haja ya mwalimu anayewaandalia wanafunzi orodha ya masomo, ya katibu wa chama cha ushirika anayekusanya matangazo ya zabuni, na ya mfanyabiashara anayelinganisha bei za wauzaji kumi kabla ya kuagiza mzigo.

Kuviunganisha kuna kanuni zake. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti ambayo msingi wake uliwekwa na Tim Berners-Lee alipokuwa katika kituo cha utafiti cha CERN mjini Geneva, hutumia alama zake maalumu. Markdown, mtindo uliotangazwa na John Gruber mwaka 2004, huweka jina katika mabano ya mraba na anwani katika mabano ya kawaida, namna hii:

[Bei za mbegu](https://example.com/bei)

Mtindo wa tatu, uitwao BBCode, hutumia mabano ya mraba peke yake:

[url=https://example.com/bei]Bei za mbegu[/url]

Bano moja likisahauliwa, kiungo hakifunguki. Mtu akiandika viungo thelathini kwa mkono, atakosea zaidi ya mara moja, na muda mwingi utampotea katika kusaka kosa.

Hapo ndipo kiendelezi kinapofaa. Mtumiaji hubofya alama yake iliyo pembeni mwa sehemu ya anwani. Kiendelezi huchukua anwani ya kichupo kilicho mbele yake, huchukua jina la ukurasa, huvipanga katika umbo ambalo mtumiaji amelichagua, kisha huviweka kwenye ubao wa kunakili, yaani mahali ambapo kompyuta hutunza kwa muda kitu kilichonakiliwa hadi kibandikwe. Vingine humruhusu mtumiaji kutunga umbo lake mwenyewe, kwa mfano kuongeza tarehe au jina la mchapishaji, na vingine hunakili viungo vya vichupo vyote vilivyo wazi kwa mara moja.

Mwenye kazi ya namna hiyo kila siku anayo sababu ya kutafuta chombo hiki, nasi hatumzuii. Lakini anayenakili viungo viwili kwa wiki hakihitaji. Kwenye kompyuta nyingi, Ctrl na L huteua anwani yote, Ctrl na C huinakili, Ctrl na V huibandika. Mtumiaji wa simu ana kitufe cha kushiriki ambacho hufanya kazi hiyo bila kuongezewa chochote. Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi kama ya kompyuta, ingawa Firefox ya Android ilivifungulia mlango viendelezi vingi mnamo Desemba 2023, na watumiaji wake wanahusika na maneno yote yanayofuata. Swali la kwanza la mlaji mwenye busara, kabla hajauliza kama bidhaa ni nzuri, ni kama anaihitaji.

Kinahitaji kuona nini, nacho kinaomba kuona nini

Mtoto anayetumwa chumvi dukani hupewa fedha za chumvi. Hapewi funguo za kabati, kadi ya benki na vyeti vya nyumba. Hatufanyi hivyo kwa kumshuku mtoto. Tunafanya hivyo kwa kuwa safari ya chumvi haihitaji vitu hivyo, na tena kwa kuwa njiani kuna watu wengine.

Kiendelezi cha kunakili kiungo kinahitaji kujua mambo mawili tu: anwani na jina la kichupo kimoja, pale ambapo mtumiaji amekibofya. Waundaji wa vivinjari wameiwekea haja hiyo ruhusa yake mahususi, inayokipa kiendelezi nafasi ya kuuona ukurasa ulio wazi kwa wakati ule tu mtumiaji anapokiita. Ruhusa hiyo ni finyu kiasi kwamba Chrome haionyeshi onyo lolote kwa ajili yake wakati wa kusakinisha.

Kiendelezi kinachonakili viungo vya vichupo vyote kinahitaji zaidi. Mtumiaji ataonyeshwa onyo kwamba kinaweza kusoma historia yake ya kuvinjari. Onyo hilo linatisha, lakini kwa kazi hiyo lina maelezo yake: anayetaka kuorodhesha vichupo vyote lazima aone anwani zake. Mtumiaji aamue kama uwezo huo wa ziada anauhitaji kweli.

Onyo la tatu ndilo tunalotaka mlikariri. Ni lile linalosema kwamba kiendelezi kitaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Maneno hayo yana maana ileile inayosomeka. Kiendelezi kilichopewa ruhusa hiyo kinaweza kuona barua pepe unapoisoma, fomu ya kodi unapoijaza, salio la benki linapojitokeza, na nywila unapoiandika kwenye ukurasa. Kinaweza pia kubadilisha kinachoonekana: kuondoa tangazo, kuongeza tangazo, au kubadili namba ya akaunti iliyoandikwa. Kufuli dogo linaloonekana karibu na anwani halikulindi hapa, kwa sababu hulinda taarifa zikiwa njiani kati ya kompyuta yako na tovuti. Kiendelezi kimo ndani ya nyumba tayari, upande wako wa kufuli.

Viko viendelezi vinavyoihitaji ruhusa hiyo pana kwa haki. Kiendelezi cha kuzuia matangazo mara nyingi huhitaji kuziona kurasa ili kufanya kazi yake. Lakini kinachonakili anwani na jina kikiomba kusoma tovuti zote, mlaji ana haki ya kuuliza kwa nini. Na kikiomba kusoma ubao wa kunakili, aulize kwa sauti kubwa zaidi. Kazi yake ni kuweka kitu kwenye ubao huo, wala haimlazimu kusoma ulichokinakili wewe, ambacho huenda ni nywila au namba ya kadi.

Yaliyokwisha kutokea

Huenda baadhi yenu mnaona kwamba tunatahadharisha juu ya jambo la kufikirika. Tutaje mambo manne yaliyowekwa wazi kwa umma, kila moja likionyesha mlango wake ambao hatari hupitia.

Mlango wa kwanza ni kubadilika kwa mwenye mali. Kilikuwepo kiendelezi kiitwacho The Great Suspender, ambacho kazi yake ilikuwa kulaza vichupo visivyotumika ili kompyuta isielemewe. Kilisifiwa, na kilikuwa na watumiaji takriban milioni 2. Mwaka 2020 aliyekibuni alikiuza. Mnunuzi aliendelea kukisambaza kwa jina lilelile, na mwezi Februari 2021 Google ilikiondoa na kukizima kwenye kompyuta za watumiaji kwa kuwa kilikuwa na msimbo hasidi. Zingatieni kwamba waliokisakinisha miaka ya nyuma walikuwa wamechagua vyema. Kilichobadilika ni mkono ulioshika ufunguo, nao hawakuombwa ridhaa upya. Viendelezi hujisasisha vyenyewe kimyakimya. Toleo jipya likihitaji ruhusa kubwa kuliko za awali, Chrome hukizima kiendelezi mpaka mtumiaji akubali. Lakini ruhusa pana iliyokwisha kutolewa hutumiwa na mwenye mali mpya bila swali.

Mlango wa pili ni biashara ya taarifa. Mwezi Februari 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Avast italipa dola milioni 16.5 na kupigwa marufuku kuuza data ya uvinjari kwa madhumuni ya matangazo. Tume hiyo ilieleza kwamba data ya watumiaji ilikusanywa kupitia viendelezi na programu ya kupambana na virusi, kisha ikauzwa kupitia kampuni tanzu iitwayo Jumpshot. Bidhaa zenyewe zilikuwa zimetangazwa kuwa za kulinda faragha.

Mlango wa tatu ni wizi wa ufunguo kwa mtunzaji mwaminifu. Siku za Krismasi mwaka 2024, mfanyakazi wa kampuni ya Cyberhaven, ambayo kazi yake ni usalama wa data, alinaswa na barua pepe ya ulaghai iliyojifanya imetoka kwenye duka la viendelezi la Google. Wahalifu wakapata nafasi ya kupakia toleo lenye madhara la kiendelezi cha kampuni hiyo, nalo likasambazwa kwa watumiaji kama sasisho la kawaida hadi lilipogunduliwa na kuondolewa. Hapa hapakuwa na nia mbaya ya mwenye mali, na bado madhara yaliwafikia watumiaji.

Mlango wa nne unahusu viungo vyenyewe, na tunaomba tuuingie kwa kituo.

Kiungo chaweza kuwa ufunguo

Mwezi Julai 2019 mtafiti wa usalama Sam Jadali alichapisha uchunguzi wake alioupa jina la DataSpii. Alionyesha kwamba viendelezi 8 vya Chrome na Firefox, vilivyokuwa na watumiaji takriban milioni 4, vilikuwa vikikusanya anwani za kurasa walizozifungua watu, na kwamba anwani hizo zilifika kwa huduma iliyoziuza kwa yeyote mwenye kulipa. Mtu aweza kudhani kwamba anwani ni anwani tu. Lakini miongoni mwa anwani hizo zilikuwemo zilizofungua hati za kodi, taarifa za wagonjwa na picha za kamera za ulinzi wa nyumba. Hakuna nywila iliyovunjwa. Tovuti hizo zilikuwa zimejengwa kwa dhana kwamba anayeijua anwani ndiye mwenye haki ya kufungua.

Dhana hiyo iko hata katika matumizi yetu ya kila siku. Hati iliyohifadhiwa mtandaoni na kuwekwa katika hali ya kufunguliwa na mtu yeyote mwenye kiungo haina mlinzi mwingine ila urefu wa anwani yake. Kiungo cha kualika watu kwenye kundi la WhatsApp la kikoba humwingiza anayekibofya, na katika kundi hilo yamo majina na namba za simu za wanachama. Kiungo cha kikao cha Zoom mara nyingi hubeba msimbo wa kuingilia ndani yake. Kiungo cha kubadilisha nywila, kabla muda wake haujaisha, ni nywila yenyewe.

Kwa hiyo anayenakili viungo kwa wingi, na hasa anayenakili vichupo vyote kwa bonyezo moja, apitie orodha kabla ya kuituma. Katikati ya matangazo kumi ya zabuni huenda kimo kiungo cha daftari la fedha la ofisi. Chombo hakitofautishi. Kinachukua vyote vilivyo wazi. Na kama kiungo cha siri kimekwisha kutoka, kukifuta kwenye ujumbe hakutoshi: badilisha hali ya ushirikishaji wa hati, au weka upya kiungo cha mwaliko wa kundi, ili cha zamani kisifungue tena.

Mkia wa anwani

Viko pia vitu vinavyonaswa pamoja na anwani bila mtumiaji kukusudia. Baada ya alama ya kuuliza iliyo katikati ya anwani, mara nyingi hufuata mkia mrefu. Sehemu za mkia huo zinazoanza kwa utm humweleza mwenye tovuti msomaji alikotoka na tangazo lililomleta. Ile iitwayo fbclid huongezwa na Facebook tangu mwaka 2018 kwenye viungo vinavyobofywa humo. Unaposhirikisha anwani pamoja na mkia wake, unashirikisha pia alama hizo.

Si kila kilicho baada ya alama ya kuuliza ni cha kufutwa. Katika anwani ya video ya YouTube, herufi v na mfuatano unaoifuata ndizo zinazotambulisha video. Zikiondolewa, video haipatikani. Jaribio ni rahisi: futa mkia, fungua anwani iliyobaki, uone kama ukurasa ni uleule. Baadhi ya viendelezi vya kunakili hufanya usafi huu, na hiyo ni sifa njema. Hata hivyo Firefox, tangu toleo la 120 la Novemba 2023, ina uwezo wake yenyewe wa kunakili kiungo bila alama za ufuatiliaji inazozitambua, usiohitaji kiendelezi chochote.

Tuongeze neno moja kwa wanaopokea viungo. Umbo lilelile linalofanya kiungo kipendeze ndilo linaloficha anwani. Jina laweza kusema Bei za mbegu na anwani ikaelekea kwa tapeli, kwa maana hakuna kinachowalazimisha wawili hao kukubaliana. Kwenye kompyuta, weka kishale juu ya kiungo bila kubofya, anwani halisi itaonekana chini ya dirisha. Kwenye simu, kibonyeze kwa muda mrefu. Anwani ya taasisi husomwa kwa kuangalia sehemu iliyo mara tu kabla ya mstari wa mshazari wa kwanza baada ya https://. Tovuti za serikali yetu huishia go.tz mahali hapo. Yakionekana maneno hayo mwanzoni au katikati, kisha yakafuatwa na jina jingine kabla ya mshazari huo, hiyo siyo tovuti ya serikali.

Kompyuta isiyo yako

Wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani. Maombi ya ajira na ya mkopo wa elimu ya juu hujazwa kwenye duka la steshenari au mkahawa wa intaneti, kwenye kivinjari ambacho wamekitumia watu wengi kabla yetu. Yeyote kati yao aliyeweza kusakinisha kiendelezi amekiacha hapo. Mwombaji anayeandika namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya akaunti na nywila yake hajui ni macho mangapi yanamtazama.

Kabla ya kuandika lolote, bofya alama ya kipande cha fumbo iliyo kulia kwa sehemu ya anwani katika Chrome, utaona orodha ya viendelezi vilivyomo. Usipovielewa, mwombe mhudumu avizime, au fungua dirisha fiche, ambamo viendelezi havifanyi kazi mpaka mtu aviruhusu kwa makusudi. Dirisha hilo si ngao kamili, kwa kuwa mwenye kompyuta aweza kuwa ameviruhusu tayari au kuweka programu nyingine nje ya kivinjari, lakini hupunguza hatari. Nanyi wenye maduka, mteja anawaamini kwa mambo mazito. Kuvikagua viendelezi kila wiki na kuviondoa visivyo na kazi ni sehemu ya huduma mnayomuuzia.

Haki zako, na mipaka yake

Tarehe 15 Machi 1962 Rais Kennedy wa Marekani alilitumia Bunge la nchi yake ujumbe uliotaja haki nne za mlaji: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua, na kusikilizwa. Ndiyo maana tarehe hiyo huadhimishwa duniani kuwa Siku ya Haki za Mlaji. Haki hizo hazikuandikwa kwa ajili ya viendelezi, lakini zinawafikia. Onyo la ruhusa ni taarifa unayostahili kupewa. Kitufe cha kughairi ni uchaguzi wako.

Hapa kwetu, ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa madhumuni halali na yanayojulikana, na imeunda Tume ambayo mwananchi aweza kuipelekea malalamiko. Taasisi au kampuni iliyo nchini ikitumia taarifa zako kinyume cha sheria, njia hiyo ipo, itumieni.

Lakini tuseme ukweli. Msanidi wa kiendelezi cha bure mara nyingi yuko nchi ya mbali, wakati mwingine kwa jina la kubuni. Historia ya uvinjari ikishauzwa hairudishwi kama vile gunia la sukari iliyoharibika linavyorudishwa dukani. Ripotini kwenye duka la viendelezi, maana kila ukurasa wa kiendelezi una nafasi ya kuripoti matumizi mabaya. Hata hivyo ulinzi ulio na nguvu kuliko wote hufanyika kabla, katika sekunde zile chache ambazo onyo liko mbele ya macho na kidole kiko juu ya kitufe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kubofya

Tunahitimisha kwa maswali ambayo mwaweza kuyakata na kuyabandika kando ya kompyuta.

Kwanza: je, kazi hii naweza kuifanya kwa kivinjari kilivyo? Ikiwezekana, hapo ndipo pa kukomea.

Pili: ruhusa zinazoombwa zinalingana na kazi? Kunakili kiungo kimoja kunahitaji kichupo kimoja. Kati ya viendelezi viwili vinavyofanya kazi ileile, chagua kinachoomba kidogo.

Tatu: nani anakimiliki, na anasema nini kuhusu data? Soma sehemu ya faragha kwenye ukurasa wake. Msanidi asiyejitambulisha wala kueleza anachokusanya hajakupa taarifa unayostahili.

Nne: ruhusa naweza kuipunguza? Katika Chrome, fungua orodha ya viendelezi, ingia kwenye maelezo ya kiendelezi husika, tafuta sehemu ya kufikia tovuti. Zipo hali tatu: kinapobofywa, kwenye tovuti ulizozitaja, au kwenye tovuti zote. Kwa kiendelezi cha kunakili, chagua ya kwanza.

Tano: shughuli za fedha nazifanyia wapi? Unda wasifu wa pili ndani ya kivinjari, usio na kiendelezi chochote, uutumie kwa benki, kodi na barua nyeti peke yake.

Sita: mara ya mwisho nilikitumia lini? Kiendelezi kisichotumika kinaendelea kushika ruhusa zake na kuendelea kujisasisha. Mwanzoni mwa kila mwezi pitia orodha, ukiondoe usichokihitaji. Kukiondoa ni kwa kubofya mara mbili, kama ulivyokileta.

Wapo watakaowashauri njia nyingine, yaani kuhifadhi msimbo mfupi ndani ya alamisho na kuubofya pale unapotaka kunakili kiungo. Njia hiyo ni nzuri kwa kuwa msimbo haufanyi chochote mpaka ubofywe, na haujisasishi. Lakini ukibofywa hufanya kazi ndani ya ukurasa ulio wazi ukiwa na uwezo mkubwa. Msimbo uliopewa na mtu usiyemjua, ambao hakuna unayemwamini aliyeusoma, usiuhifadhi, na kamwe usiubofye ukiwa kwenye ukurasa wa benki.

Ndugu walaji, hatukuja kuwaambia mkimbie zana zinazowarahisishia kazi. Mwalimu mwenye viungo thelathini aendelee kuvinakili, na vipangike vizuri. Tunachowaomba ni kipimo kimoja mnachokijua tangu zamani, kile cha kumpa anayetumwa kiasi cha alichotumwa. Kazi ikiwa ndogo, ruhusa nayo iwe ndogo.